Kipimo cha bakteria wa tumboni cha kujifanyia nyumbani: kusoma wanasoma, ila ile alama mmh

Kwa mwenye haraka jibu ni hili: kama una hamu tu ya kujua bakteria gani wanaishi tumboni mwako, hiki kipimo kitakufurahisha, na kama tumbo linakusumbua na unatafuta tiba basi usikinunue, hela hiyo nenda nayo kwa daktari. Hapo katikati ndo kuna maneno mengi na ndo nataka kuyasema, maana rivyuu nyingi nilizosoma kabla ya kununua zimeandikwa na watu waliopewa boksi la bure na mwishoni wanakuwekea kuponi ya punguzo, mi nimelipa mwenyewe na kuponi sina. Jina la kampuni silitaji. Halina umuhimu sana kwa kweli, hizi kampuni nyingi zinafanya karibu kitu kilekile, unatuma kinyesi, wanasoma DNA, wanakurudishia ripoti ya rangirangi afu wanakuuzia vidonge.

Tuanze na boksi maana hapo sina ugomvi nao. Ndani kuna karatasi pana yenye gundi pembeni unayoitandika juu ya choo ili mzigo usizame majini, glovu, kichupa kidogo chenye kimiminika na kijiko kilichoshikana na kifuniko, mfuko wa zipu, na bahasha ya kurudishia ikiwa na anwani tayari. Unachota kidogo tu, kiasi cha punje ya mchele, na wamekolezea kwa wino mwekundu USIJAZE, nadhani watu wanajaza kwa kudhani wakituma nyingi majibu yatakuwa mazuri zaidi, kumbe ukijaza kile kimiminika kinazidiwa. Unafunga, unatikisa mpaka yote ichanganyike, unaandika tarehe na saa, umemaliza. Ile karatasi yangu ilianza kubanduka upande mmoja nikiwa katikati ya shughuli, sitaeleza zaidi, ila wewe ikandamize vizuri kabla hujakaa.

Kile kimiminika ndo kitu cha maana kuliko vyote humo ndani na hakuna anayekiongelea. Kinyesi kikikaa njiani siku kadhaa kwenye joto bila kuhifadhiwa kuna bakteria wanaendelea kuzaana humohumo, hasa jamii ya E. coli ambao hewa haiwasumbui, wakati wengi wa wenzao wa utumbo mpana wakikutana na oksijeni tu wanakufa au wanasimama, kwa hiyo mzigo ukifika maabara hesabu imeshapinda, unaambiwa una E. coli kibao kumbe wamezaliana kwenye bahasha. Watafiti wa mradi wa American Gut waliokuwa wanapokea sampuli kwa posta walikutana na tatizo hilihili na ikabidi watafute namna ya kuwatoa kwenye hesabu hao waliozaliana njiani. Kwa hiyo kampuni ikikutumia kijiti kikavu peke yake, uliza kwanza wanalishughulikiaje hilo. Hawa wangu kwenye hili wako vizuri.

Kabla ya kutuma unajaza fomu kwenye apu yao, umri, uzito, unakula nini, unakunywa dawa gani, ulizaliwa kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, antibayotiki mara ya mwisho lini. Maswali ya msingi kabisa hayo, maana dawa peke yake zinabadilisha sana bakteria, na sio antibayotiki tu, hata metformin ambayo watu wa kisukari wanaimeza kila siku inaacha alama zake kwenye kinyesi. Ila swali moja halikuwepo, choo chenyewe siku hiyo kilikuwaje, kigumu au chepesi. Likumbukeni hilo.

Maabara wanachofanya ni hivi. Hiki nilichonunua kinatumia njia inaitwa 16S, ni jeni ambayo kila bakteria anayo, ina herufi kama 1,500, kuna sehemu zake zinazofanana kwa bakteria karibu wote na kuna sehemu 9 zinazotofautiana kutoka kundi hadi kundi, sasa wao wanazidisha nakala za kipande kimoja au viwili, wanakisoma, wanalinganisha na orodha kubwa ya bakteria wanaojulikana, ndo unaambiwa huyu Bacteroides huyu Roseburia. Sio uganga. Carl Woese alitumia molekuli inayotokana na jeni hiyohiyo mwaka 1977 kuonyesha kwamba kuna tawi zima la viumbe, akea, ambalo dunia nzima ilikuwa inalihesabu pamoja na bakteria. Ila ina mipaka yake na kwenye tangazo huioni, mara nyingi inaishia kwenye jenasi tu, yani inajua ukoo wa mtu ila jina lake hailijui, haiwezi kukwambia vizuri kama E. coli wako ni yule mpole anayeishi na watu wote au yule anayelaza watu hospitali, na fangasi na virusi haiwaoni kabisa kwa sababu hiyo jeni hawana. Njia ya gharama zaidi ni kusoma DNA yote iliyomo, ndo waliyotumia watu wa mradi wa utafiti wa MetaHIT kule Ulaya mwaka 2010 wakaorodhesha jeni milioni 3.3 kutoka kinyesi cha watu 124. Kampuni nyingine zinakupa hiyo. Angalia maandishi madogo ya chini kabla hujalipia, maana kwenye picha za tangazo zote zinaonekana sawa na bei wala hazipishani kama unavyotegemea.

Kingine, namba zote kwenye ripoti ni asilimia. Hii imenisumbua kuliko inavyostahili labda lakini hebu fikiria, umeambiwa Bifidobacterium wako wameshuka kutoka asilimia 4 mpaka 2, unaingiwa na hofu, kumbe inawezekana hajapungua hata mmoja, wengine tu ndo wameongezeka na yeye fungu lake limebanwa. Ripoti haisemi popote una bakteria wangapi. Na bado inaweka mshale mwekundu unaoangalia chini.

Majibu yalichukua wiki kadhaa, tangazo linasema haraka, sawa, tusigombane. Ukifungua apu unapokewa na maneno kwamba ndani yako kuna bakteria mara 10 ya seli zako mwenyewe. Hapo ndo nilipoanza kuwatilia shaka, hiyo namba ni ya zamani na ilikuwa makadirio ya juujuu, mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya Weizmann, Israel, walikaa chini wakahesabu upya wakapata bakteria kama trilioni 38 kwa seli kama trilioni 30 za mtu mwenyewe, yani karibu sawa kwa sawa, na uzito wao wote kama gramu 200. Ile habari ya kwamba tumebeba kilo mbili za bakteria nayo ikafia hapo. Kampuni inayoishi kwa kuuza habari za bakteria inashindwaje kusahihisha ukurasa wake wa kwanza miaka yote hii?

Chini ya hayo maneno kuna duara kubwa na katikati yake alama yako kati ya 100. Na hapa ndo penyewe.

Sampuli ya kwanza niliituma kipindi ambacho choo kilikuwa kinanitesa, naongelea kile kigumu cha vipande vipande, unakaa mpaka miguu inakufa ganzi na ukitoka hujamaliza. Alama 83. Kijani. "Hongera, bakteria wako ni wa aina nyingi kuliko watumiaji wetu walio wengi." Ya pili nikaituma baadaye tumbo limeshatulia, choo laini, kinakuja kwa wakati wake, gesi hakuna, mwenyewe najisikia mwepesi kabisa. Alama 64. Rangi ya machungwa. "Bakteria wako wanahitaji msaada", na chini yake pale pale kitufe cha kununua vidonge.

Nilicheka kwanza, baadaye nikakasirika, baadaye nikaenda kusoma. Hiyo alama kwa sehemu kubwa inabebwa na kipimo cha utofauti, yani aina ngapi za bakteria zipo na zimegawanaje nafasi, na watu wamezoeshwa kwamba utofauti mkubwa ni afya. Kwa ujumla kuna ukweli, watu wenye magonjwa kadhaa ya utumbo wanakutwa na utofauti mdogo. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, kundi la Jeroen Raes, waliweka pamoja majibu ya bakteria na ile skeli ya Bristol, ile ya picha 7 za choo kuanzia cha vigololi hadi cha maji iliyochapishwa na Lewis na Heaton mwaka 1997, wakakuta ugumu wa choo unaendana sana na aina za bakteria zinazoonekana, kigumu kina aina nyingi, kadiri kinavyolainika zinapungua. Na ukifikiria ina maana, choo kigumu ni choo kilichokaa muda mrefu utumbo mpana, wale wanaozaana taratibu wanapata muda wa kuzaana, nyuzinyuzi zikiisha wanaingia kazini wanaokula mabaki ya protini, kila mtu anapata zamu. Kikipita haraka wanabaki wale wanaozaana upesi au wanaojishikiza. Kwa hiyo mi sikupewa 83 kwa sababu nilikuwa na afya. Nilipewa 83 kwa kukosa choo.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nikaeleza vizuri tu bila matusi, sampuli ile hali ilikuwa hivi, hii hali ilikuwa vile, je alama yenu inazingatia ugumu wa choo? Jibu: "Habari mpendwa mteja, asante kwa kuwa sehemu ya familia yetu. Alama yako inakokotolewa na algorithimu yetu ya kipekee inayozingatia mambo mengi." Nikauliza tena, mambo mengi sawa, hili moja limo? Nikatumiwa makala ya faida za vidonge vyao. Hapo nikaacha, kuna mtu nyuma ya ile kompyuta naye ana bosi wake, namwelewa.

Tukiendelea na ripoti, ukurasa wa pili unakupa uwiano wa makundi mawili makubwa, Firmicutes na Bacteroidetes, na umeandikwa "uwiano wa uzito wako" na picha ya mizani. Hii ilianzia kwenye kazi ya kundi la Jeffrey Gordon pale Washington University, St. Louis, mwaka 2006, walioona wanene wana uwiano tofauti na wembamba na ukibadilika wakipungua, ikawa habari kubwa kwelikweli. Baadaye watu wakaja na data za watu wengi zaidi, mwaka 2016 Sze na Schloss wa Michigan wakazikusanya tafiti pamoja, ule uhusiano ukawa mdogo sana kiasi kwamba kwa kumwangalia mtu mmoja huwezi kubashiri chochote. Isitoshe hayo makundi yameshabadilishwa majina rasmi tangu 2021, sasa hivi ni Bacillota na Bacteroidota. Ripoti yangu ina majina ya zamani na sayansi ya zamani, mizani tu ndo mpya.

Afu kuna Akkermansia, huyu ni nyota wa mji sasa hivi. Aligunduliwa Wageningen, Uholanzi, akatangazwa mwaka 2004, kazi yake anakula ute unaofunika ukuta wa utumbo na utumbo unatengeneza mwingine, na tafiti nyingi zimemkuta kwa wingi kwa watu wembamba na wenye sukari iliyotulia. Ripoti ikasema wangu wako chini na nijitahidi wapande. Sawa, lakini huyohuyo Akkermansia amekutwa kwa wingi kwenye tafiti kadhaa za wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, sisemi ndo anayesababisha, nasema tu kwamba kumpangia kila mtu "ongeza huyu, punguza yule" kama chumvi kwenye mboga ni kurahisisha mno. Bakteria mmoja tabia yake inategemea anaishi na nani na anapewa nini kula.

Niwe mkweli, kuna ukurasa mmoja nimeupenda sana na ningelipia huo tu. Ni ule wa kueleza bakteria wanafanya nini na nyuzinyuzi. Zile sehemu za mimea ambazo tumbo letu na utumbo mwembamba haviwezi kuzisaga zinashuka mpaka utumbo mpana, huko kina Faecalibacterium na Roseburia na wenzao wanazichachusha na wanaachia asidi ndogondogo za mafuta, asetati, propionati na butireti, na hiyo butireti ndo chakula kikuu cha seli zinazotandika utumbo mpana, yani ukuta wa utumbo wako haupati nguvu yake kutoka kwenye damu kama viungo vingine, sehemu kubwa unalishwa na bakteria kutoka ndani. Ukuta ukilishwa unabana vizuri, na kinga ya mwili iliyojipanga nyuma yake inakaa kwa utulivu. Nyuzinyuzi zikikosekana kuna bakteria wanageukia ule ute wenyewe. Wameeleza kwa mchoro mzuri, kwa lugha ya kawaida, bila kuuza kitu. Nani aliandika huu ukurasa, wampandishe cheo.

Ukurasa unaofuata sasa, "bakteria na furaha yako", wameharibu. Unaanza na kwamba zaidi ya asilimia 90 ya serotonini, ile kemikali ya mwili inayopeleka taarifa kati ya seli, inatengenezwa tumboni, ambayo ni kweli kwa makadirio yanayotumika, halafu unaruka moja kwa moja mpaka kwenye mudi, kwamba bakteria wakiwa vizuri serotonini inapanda na wewe unafurahi. Serotonini ya tumboni haivuki kwenda kwenye ubongo, kuna kizuizi kati ya damu na ubongo, ubongo unatengeneza ya kwake. Ya tumboni ina kazi nyingine, inasukuma utumbo utembee, inahusika na kichefuchefu, inapelekea taarifa kwenye neva ya vagasi, ile inayounganisha tumbo na ubongo. Mawasiliano ya tumbo na ubongo yapo na ni ya kuvutia, hayahitaji kuongezewa chumvi. Mtu mwenye sonona akisoma ule ukurasa anaweza kuacha dawa akaenda kununua kopo, na hilo sio la kuchekea.

Tuje kwenye kopo lenyewe basi. Ukipata rangi ya machungwa unapendekezewa vidonge vya probayotiki, yani bakteria hai wa kumeza, "vilivyotengenezwa kwa ajili yako", kifurushi cha kila mwezi kinachojikata chenyewe kwenye kadi. Nilinunua kopo moja na nikazima ule mkato wa mwezi hapohapo, kitufe cha kuzima kipo ila wamekificha ndani ndani. Lebo inasema bilioni 50, kwa wino mnene. Bilioni 50 ni namba kubwa mpaka ukumbuke trilioni 38 ni bilioni 38,000. Chini wameandika "wakati wa kutengenezwa", maana yake siku unayomeza hawakuahidi chochote, kopo la maana linaahidi mpaka siku ya kuisha muda. Na majina yamesimama kwenye spishi, Lactobacillus acidophilus, Bifidobacterium longum, basi, hakuna aina mahususi, ile herufi au namba inayofuata nyuma ya jina. Hii ndo kasoro kubwa kuliko zote kwenye lebo, kwa sababu tafiti zinafanywa kwa aina mahususi, rhamnosus GG ina tafiti zake, E. coli Nissle 1917 ina tafiti zake, ukiondoa hiyo namba ya mwisho huwezi kusema utafiti wa yule unamhusu huyu. Na mwenzangu ambaye naye alipima, alama yake tofauti na yangu, umri tofauti, chakula tofauti, kopo "lililotengenezwa kwa ajili yake" lina majina yaleyale kwa mpangilio uleule. Nimeyaweka makopo mawili kwenye meza nikayalinganisha mstari kwa mstari.

Vilifanya kazi? Wiki ya kwanza gesi, baadaye kawaida, baadaye sikuona tofauti na nilivyokuwa kabla. Na hicho ndo unachotegemea kwa mtu ambaye hakuwa mgonjwa. Mwaka 2018 kundi la Weizmann tena, la Eran Elinav na Eran Segal, walitoa kazi mbili kwenye jarida la Cell, ya kwanza walichungulia ndani ya utumbo wa watu kwa kamera badala ya kuangalia kinyesi tu, wakakuta kuna watu bakteria wa vidonge wanakaa na kuna watu wanapita tu kama wasafiri, na kinyesi peke yake hakisemi vizuri kinachoendelea kwenye ukuta. Ya pili ndo ya kushtua zaidi, watu waliomaliza antibayotiki wakapewa probayotiki, bakteria wao wa asili walichelewa kurudi kuliko wale walioachwa bila kitu. Na miongozo ya American Gastroenterological Association, chama cha madaktari wa tumbo Marekani, ya mwaka 2020 haikuzipendekeza kwa magonjwa mengi ya tumbo yanayotangazwa kwenye makopo, walibakiza maeneo machache, kwa mfano kumkinga mtu anayetumia antibayotiki asipate C. difficile, na watoto njiti hospitalini. Mwenye kinga dhaifu asiguse bila daktari wake, bakteria hai ni bakteria hai.

Nimetaja C. difficile, basi niseme na hili, kwa sababu nisingependa mtu aondoke anadhani sayansi yote ya bakteria wa tumboni ni usanii. Huyo ni bakteria anayeshika utumbo baada ya antibayotiki kufagia wengine, anaharisha mtu vibaya mno, na kuna wagonjwa anawarudia kila dawa ikiisha. Mwaka 2013 madaktari wa Uholanzi walichukua kinyesi cha watu wazima wa afya, wakakichuja, wakakipitisha kwa mpira wa puani mpaka kwenye utumbo mwembamba wa wagonjwa, 13 kati ya 16 wakapona kwa mara ya kwanza tu, huku kwenye kundi la dawa ya vancomycin wakipona 4 kati ya 13, mpaka utafiti ukasimamishwa mapema. Leo Marekani kuna bidhaa mbili zilizoidhinishwa za kazi hiyo, Rebyota ya 2022 inayowekwa kwa njia ya haja kubwa na Vowst ya 2023 ya kumeza. Hiyo ni tiba, ina ugonjwa mmoja unaojulikana, ina wagonjwa waliolinganishwa, ina wasimamizi. Tofauti yake na duara la rangi kwenye simu ni kubwa.

Na kuna vipimo vya kinyesi ambavyo hospitali wanavyo na vina mstari unaoeleweka kati ya sawa na sio sawa. Kalprotektini inaonyesha kama utumbo una uvimbe wa ndani, kuna cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, na kuna cha H. pylori, bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo. Hicho cha mwisho nimeulizwa na watu wangapi sijui, "hiki kipimo chako kinaona vidonda vya tumbo?" Hakioni. H. pylori anaishi kwenye ute wa tumbo la juu, huku chini kwenye kinyesi kwa njia ya 16S anaweza asionekane kabisa na wewe unaye, anatafutwa kwa antijeni yake kwenye kinyesi au kwa kipimo cha pumzi, na akipatikana anatibiwa na dawa zinazojulikana. Barry Marshall aliwahi kunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 ili watu wamwamini, yeye na Robin Warren wakapewa Nobel 2005, kazi yote hiyo imefanyika halafu wewe unapima vidonda kwa duara la rangi, hapana jamani. Ukiona damu, unapungua uzito bila sababu, tumbo linakuamsha usiku, hilo sio suala la apu.

Ushauri wa chakula mwishoni mwa ripoti hauna ubaya. Nyuzinyuzi za aina nyingi, jamii ya kunde, nafaka isiyokobolewa, mboga, karanga, vilivyochachushwa. Data za American Gut za 2018 zilionyesha waliokula aina zaidi ya 30 za mimea kwa wiki walikuwa na bakteria wa aina nyingi kuliko waliokula chini ya 10, na Stanford mwaka 2021 waliwagawa watu wazima 36, nusu wakaongeza nyuzinyuzi na nusu wakaongeza vyakula vilivyochachushwa kwa wiki 10, waliopandisha utofauti wa bakteria ni wa vilivyochachushwa, na protini 19 za uvimbe kwenye damu zao zikashuka. Watu 36 ni wachache, lakini ni jaribio la kweli. Tatizo langu ni kwamba ushauri huo ni uleule kwa mwenzangu, uleule kwa wa 83 na uleule kwa wa 64. Ungeweza kuupata bila kutikisa kichupa chochote.

Kwa hiyo nyota: boksi na uchukuaji sampuli 4 kati ya 5, ule ukurasa wa butireti 5, maabara 3 kwa sababu ya jenasi na maandishi madogo, alama 1, huduma kwa wateja 1, vidonge sitoi. Wanafunzi wa baiolojia na watu wadadisi kama mimi mtafurahi, nunueni kimoja, jazeni wenyewe skeli ya Bristol pembeni kwa kalamu, na duara msilitazame.

Kitu cha mwisho ni data. Ukijiunga kuna kisanduku kimeshawekwa tiki tayari kwamba unaruhusu majibu yako yatumike kwenye "utafiti na washirika", kitoe. Hizi biashara zinakuja na kuondoka, uBiome ya San Francisco ilikuwa kubwa kabisa kwenye kazi hii, FBI wakapekua ofisi zake Aprili 2019 juu ya namna ilivyokuwa inadai bima, na mwaka huohuo ikafilisika. Sampuli za watu na majibu yao vinabaki mikononi mwa nani kampuni ikifa, hilo linategemea ulichokisaini. Kwangu kufuta akaunti ilikuwa mipangilio, faragha, futa, halafu unathibitisha kwa barua pepe, na sampuli yenyewe unaomba iteketezwe kwa ujumbe wa pembeni kwa sababu kile kitufe kinafuta akaunti tu, kichupa hakihusiani nacho.